Bi Siti Ataka Kutawadha Mwenyewe

Kabla ya kupooza, Bi Siti wa Tibirinzi hakujua kukaa bure. Sasa mkono wake wa kulia ulilala tu mapajani. Kila ikifika sala, mumewe, Mzee Haroub, alimmwagia maji ya udhu, tena kwa tahadhari, maana akimgusa tu udhu umetanguka. Mara nyingi ulitanguka, wakaanza upya. Bi Siti aliona haya mpaka akalia. Alitaka jambo moja tu: atawadhe mwenyewe.

Kila Alhamisi alikuja Kinjal, binti wa Kihindi, mtaalamu wa tiba kazi. Kazi yake ni kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku.

"Leo tutaongeza yoga," alisema.

Mzee Haroub alisikia uyoga. Akatoka mbio kwenda kuutafuta shambani!

Alirudi mikono mitupu. Akamkuta mkewe kitini, kafumba macho, viganja vimekutana kifuani.

"Basi!" alifoka. "Hiyo ibada ya kwenu, Kinjal. Kwangu haifanywi. Toka!"

Kinjal akachukua mkoba wake. "Ntatoka, Mzee. Lakini bega hili lisipofanyishwa mazoezi litakakamaa."

Bi Siti akafumbua macho. Akitoka huyu, nani mwengine atakuja? Miaka thelathini hajampandishia mumewe sauti.

"Hatoki mtu!" alisema. "Hata hujauliza nafunzwa nini."

"Wafunzwa nini?"

"Kutawadha!"

Mzee Haroub akamgeukia Kinjal.

"Sikufichi, Mzee," alisema Kinjal. "Wako wanaofanya yoga kwa ibada. Hapa hamna dua. Mkono mzima unaubeba uliopooza. Ukipanda, anavuta pumzi. Ukishuka, anaitoa, misuli ilegee. Akiumwa, tunaacha. Na dawa zake za presha anaendelea kumeza."

"Na viganja?"

"Vikikuudhi, afumbate vidole."

"Afumbate," alisema Mzee Haroub, uso bado umekunjana.

"Basi njoo umsaidie. Shika kiwiko, usiuvute mkono."

Akashika. Tangu siku hiyo walifanya kila asubuhi, polepole.

Mwezi wa nne wa mazoezi, adhuhuri, Mzee Haroub alichukua kopo la maji kama kawaida.

"Nipe mie," alisema Bi Siti.

Alilishika kwa mikono miwili. Likatetemeka. Maji yakamlowesha kanga. Mzee Haroub alitaka kumsaidia, akajizuia. Bi Siti aliosha uso, mikono, akapaka kichwa, akamaliza miguu.

Kisha akachota tena.

"Lete mikono yako," alimwambia mumewe, "nikumwagie."