Bofya Ukinisikia

Haya yalimkuta rafiki yangu, mtu wa redio ya mawasiliano hospitalini, na mpaka leo ukimgusia anabadilisha mazungumzo.

Dada yake alishikwa na uchungu wa kujifungua akiwa mbali, dereva wa gari la wagonjwa akaenda kumchukua. Siku hiyo dhoruba ya jua ilikuwa imelivuruga lile tabaka la angani linalorudisha mawimbi ya redio ardhini, na huku kwetu karibu na ikweta, jua likizama ndipo mambo huharibika kabisa. Umeme nao ukakatika. Redio ya betri ikabaki kuchachatika tu, kama mafuta kikaangoni. Rafiki yangu aliita mpaka sauti ikamkauka.

Yeye na dereva walikuwa na mazoea yao: maneno yasipopita, unabofya kitufe cha redio mara mbili, maana yake ndiyo.

"Kaka, nakusihi. Ukinisikia, bofya."

Tik, tik.

Machozi yakamtoka. "Dada ni mzima?"

Tik, tik.

"Uko karibu?"

Tik, tik.

Mara dereva akaingia, jasho likimtiririka. "Dada yako yuko wodini, hajambo. Nisamehe, ndugu yangu. Redio ya gari iliungua tangu mchana, sijakusikia hata neno."

Dereva alipoondoka, rafiki yangu akafunga mlango kwa ufunguo. Akachomoa waya wa betri. Kitaa chekundu cha redio kikazimika, chumba kikawa giza totoro, kimya. Hajui kilichomsukuma kuuliza tena, kwa kunong'ona:

"Uko karibu?"

Kitasa cha mlango kikajibu. Tik, tik.