Kaa Kidogo, Bi Lavonia

Vonceil Hardaway alikuwa na ulimi mwepesi wa kukaribisha. Ukikutana naye dukani, kanisani au kwenye foleni ya posta, hamkuachana bila yeye kukuambia, "Karibuni nyumbani siku moja." Kule Alabama wote husema hivyo, na wote hujibu, "Asante, tutakuja," na hakuna anayekuja. Ni maneno ya kufungia mazungumzo tu, kama mtu anavyorudisha lango la ua akiondoka. Mimi niliyeishi nao miaka mingi niliyasema mpaka nikayazoea. Siku hizi siyasemi, na nikimaliza utajua kwa nini.

Siku mambo haya yalipoanza, Vonceil alikuwa jikoni kwake akibangua njugu za pekani pamoja na wifi yake Ouida, dada wa marehemu mumewe. Simu ilikuwa mezani kati ya maganda. Mwanaye wa pekee, Keziah, alikuwa mwaka wa kwanza katika chuo cha Ebal, ng'ambo ya mpaka, Mississippi, na wikiendi ile ndiyo ilikuwa ya Marejeo, wahitimu wote wanaporudi chuoni kutazama mechi. Keziah angepiga matoazi katika bendi, mbele ya uwanja mzima. Baba yake alikufa bila kumsikia hata mara moja. Vonceil alikuwa amemwapia binti kwamba yeye atakuwepo, hata kama atalala ndani ya gari.

Na kwa jinsi mambo yalivyokuwa, alikuwa akielekea kulala ndani ya gari.

"Kumejaa," alisema, akiweka simu chini tena. "Hata ile nyumba ya wageni yenye kunguni imejaa."

"Watu hukodi vyumba vya Marejeo tangu mwaka jana, wifi," Ouida akasema. "Wewe mwaka jana ulikuwa wapi? Ulikuwa unakaribisha watu."

"Nicheke tu. Nimewaambia akina mama wote wa kanisa waniulizie. Hatakosekana mmoja mwenye shangazi kule."

Simu ikaita kabla hajamaliza kusema.

"Nimesikia unatafuta pa kulala Ebal," ilisema sauti ya bibi kizee, taratibu, yenye mkwaruzo kama ya mtu aliyevuta moshi. "Mimi ni Lavonia Teague, wa mtaa wa Chestnut, pale karibu na uwanja wa mazoezi ya bendi. Vyumba vyangu vyote ni vitupu."

Vonceil alikaribia kulia kwa furaha. Akamweleza habari za Keziah, na bibi yule akacheka kidogo.

"Yule mrefu wa matoazi? Namwona kila siku. Hukaa mlangoni kwangu akipumzika. Bado hajaingia."

"Huyo huyo. Mungu akubariki, Bi Lavonia. Nawe karibu kwetu siku moja."



"Lini?" bibi akauliza.

Vonceil hakuwahi kuulizwa swali hilo maishani mwake. "Ah, siku yoyote. Mlango uko wazi."

"Ni zamani sana mtu hajanialika," sauti ikasema. "Nitakuja. Nitakuja na mtoto."

Ouida aliona wifi yake akitabasamu, akatabasamu naye. Wakarudi kwenye pekani zao.

Jioni Vonceil alimpigia bintiye kumpa habari njema. Keziah alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Mama, nani amekuambia kuna nyumba pale? Hakuna. Kuna ngazi za matofali tu zinazopanda juu, halafu nyasi. Sisi watu wa bendi ndiko tunakokaa kunywa maji."

"Labda umechanganya mtaa."

"Mtaa ni huo huo. Ngazi tu, Mama."

Vonceil akaipiga namba ile iliyompigia. Haikuita. Aliweka sikio muda mrefu, akasikia mvumo mdogo, kama jiko la kuni linalokaribia kushika moto. Aliikata, akaenda kuhakikisha mlango wa mbele umefungwa.

Ouida, alipoelezwa, alimpigia binamu yake aliyeko Ebal. Kesho yake alirudi kwa Vonceil bila kubisha hodi, akaketi na mkoba wake mapajani.

"Alikuwepo Lavonia Teague," alisema kwa sauti ya chini. "Zamani, kabla yangu na wewe. Alikuwa na nyumba kubwa, na kila Marejeo alipika kwa ajili ya watu wote waliomwambia watakuja. Unajua wanavyosema watu. Tutakuja, Bi Lavonia, utungoje. Alipika siku nzima, hakuja mtu. Akaendelea kupika. Moto ulianzia jikoni. Wanasema majirani walimwita atoke, akajibu hawezi kutoka, anasubiri wageni."

Vonceil alitazama nje kwenye baraza. Dari yake ilikuwa ya samawati hafifu. Mama mkwe wake ndiye aliyeipaka, kwa sababu wazee wa kule husema mzimu ukiona rangi hiyo hudhani ni maji, nao hauvuki maji.

"Tuna samawati," akasema.

"Samawati humzuia anayekuja bila kualikwa. Huyu umemwalika, Vonceil. Kwa mdomo wako. Akipiga tena, mwambie asije."

Kumwambia mgeni asije! Vonceil alilelewa na mwanamke ambaye angekubali kuuza viatu vyake kuliko kutamka neno hilo. Lakini alikuwa mama pia. Usiku huo alijifunza maneno yake kama mtoto wa shule, na asubuhi simu ilipoita alikuwa tayari.

"Bi Lavonia, kuhusu wikiendi hii, naona haitawezekana..."

"Nimeshaoka keki," sauti ikasema.

Ulimi wa Vonceil ukamwangusha. Mwanamke ameshaoka keki, na wewe umwambie nini?  Akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, kwa adabu yote aliyofundishwa, "Usingejisumbua, jamani."

"Si usumbufu," bibi akajibu, na simu ikakatika.

Hapo ndipo Vonceil alipotwaa ufunguo wa gari. Aliamua kwenda Ebal saa ile ile, amchukue Keziah, mechi na iende na maji. Alimpigia akiwa tayari mlangoni. Keziah akapokea, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na mngurumo wa injini.

"Tunakuja, Mama."

"Nyinyi nani?"

"Na huyu bibi uliyemtuma. Nilikuwa nimekaa ngazini, akanishika mkono. Anasema tunakuja kukusalimia, kisha tutarudi wote kwake." Akashusha sauti. "Mama, humu garini kuna joto sana. Madirisha hayafunguki."

"Mwambie asimamishe. Kezi, mwambie asimamishe gari sasa hivi."

"Nimemwambia. Anatabasamu tu."

Simu ikazimika. Vonceil alipiga tena na tena. Kila mara alisikia ule mvumo wa jiko. Alimwita Ouida, akaja mbio na aproni yake, wakasimama barazani wawili wakitazama barabara.  Jua lilikuwa bado juu, na watoto wa jirani walikuwa wakirusha mpira.

Gari likaja. La zamani, jeusi. Halikutimua vumbi.

Keziah alishuka kwanza, jasho likimtiririka, amevaa sare ya bendi na glavu zake nyeupe. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyeamshwa ghafla. Nyuma yake alishuka bibi mdogo mwenye kofia ya kanisani, amebeba sahani ya keki kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulimshika Keziah kifundo cha mkono. Pindo la gauni lake lilikuwa limeungua pande zote.

Alifika chini ya ngazi za baraza. Akainua uso, akaitazama dari.

"Rangi nzuri," akasema. "Niingie?"

"Ukikataa ataondoka naye," Ouida alinong'ona.

Vonceil aliutazama ule mkono. Vidole vilikuwa vimezama kwenye glavu.

"Karibu ndani, Bi Lavonia."

Waliingia. Bibi akachagua kiti cha bembea cha marehemu mume wa Vonceil, karibu na dirisha. Alipoketi ndipo alipomwachia Keziah. Chumba kikaanza kunuka moshi. Vonceil alimletea chai baridi ya sukari, barafu ikigongana ndani ya glasi. Akaikata keki. Kwa juu ilikuwa ya dhahabu, imeiva vizuri. Ndani ilikuwa majivu matupu.

Ouida alimfuata Vonceil mpaka kabatini. "Sikiliza. Akisema anaondoka, usimzuie. Unanielewa? Lile neno letu la 'mbona haraka' ulimeze. Aondoke, tufunge mlango."

Vonceil akaitikia kwa kichwa. Wakarudi, wakaketi. Bibi alisifia pazia. Alisifia picha za ukutani. Aliuliza habari za mvua. Yote aliyoyasema yalikuwa ya kawaida kabisa, na Vonceil aliyajibu yote huku hamu yake moja tu ikiwa kusikia mwanamke yule akiaga.

Mwishowe bibi akaweka glasi chini. Barafu yote ilikuwa imeyeyuka, na chai ilikuwa ikitoa mvuke.

"Haya," akasema. "Naona twende sasa, mwanangu."

Keziah akasimama.

Hakuulizwa mara mbili. Alisimama kama anavyosimama mtu usingizini, akaokota mkoba wake, akanyoosha mkono aliokuwa ameshikwa. Bibi akanyoosha wake. Ouida alikuwa akimtazama Vonceil kwa macho makali, akimwambia, nyamaza, nyamaza. Hakuwa ameona jinsi Keziah anavyochukuliwa. Vonceil alikuwa ameona. Mgeni huondoka na aliyekuja naye.

"Mbona haraka hivyo, Bi Lavonia?" Vonceil akasema. Sauti yake ilitoka safi. "Kaa kidogo. Wewe ndiyo kwanza umefika. Keziah ana mechi, Ouida atamrudisha."

Bibi alimtazama. Macho yake yakajaa machozi, na machozi yakakauka kabla ya kufika mashavuni.

"Kweli unataka nikae?"

"Kaa."

Akaketi tena.

Ouida alimpeleka Keziah Ebal alasiri ile ile. Vonceil alilitaka hilo mwenyewe, kwa maana mahali salama kwa mtoto palikuwa pale ambapo Bi Lavonia hayupo. Njiani Keziah hakukumbuka kitu isipokuwa joto. Siku iliyofuata alipiga matoazi mbele ya uwanja mzima, akatazama majukwaani akimtafuta mama yake, hakumwona. Kwenye kifundo cha mkono, chini ya glavu, alikuwa na alama nyeusi ya vidole. Sabuni haikuitoa.

Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni yule nani angethubutu kumpa jembe? Kila jioni, saa ya chai, kiti cha bembea kilisimama, na sauti ikasema, "Haya, naona niende sasa. Mtoto ananisubiri." Na kila jioni Vonceil alijibu, "Mbona haraka, Bi Lavonia? Kaa kidogo." Kisha kiti kikaanza kubembea tena. Aliacha kwenda kanisani ibada za jioni. Aliacha kulala kwa ndugu. Keziah alipopiga kuuliza atakuja lini kumtazama, alisema, "Wikiendi mojawapo, mwanangu," na Krismasi ilipokaribia akamwambia asije nyumbani. Mtoto alilia, akaona mama yake hampendi tena. Vonceil alikisikia kile kilio mpaka mwisho, akakata simu, akaenda kuchemsha chai ya mgeni. Uchungu aliokuwa nao hakuna aliyeuona isipokuwa Ouida, na Ouida ndiye aliyenisimulia.

Alama ya mkononi ikaanza kufifia. Mwaka ukazunguka. Marejeo yakakaribia tena.

Wiki ile Vonceil alishikwa na mafua. Ouida alikuja kumtazama asubuhi moja na chungu cha supu, akamkuta ameketi kitandani, macho yamemtoka. Alikuwa akijaribu kusema. Haikutoka sauti, hata ya kunong'ona. Alionyesha koo lake, kisha akaonyesha sebuleni.

"Tangu lini?" Ouida akauliza. "Tangu jana? Jana jioni ulimjibu?"

Vonceil akaonyesha jinsi alivyofanya. Alitikisa kichwa kwa nguvu, akapunga mikono, akapiga magoti. Alifanya yote anayoweza kufanya mtu asiye na sauti.

Ouida akaenda sebuleni. Kiti cha bembea kilikuwa kimetulia. Sahani ya keki, iliyokaa mezani mwaka mzima bila mtu kuthubutu kuigusa, haikuwepo. Kwenye mto wa kiti kulikuwa na shimo la mtu aliyekaa muda mrefu, na ndani yake majivu kidogo, bado ya moto.

Simu ikaita. Ilikuwa namba ya Keziah. Ouida akaipokea, akamwita jina, akamwita tena.  Kwa mbali alisikia mlio wa vyombo vikipangwa mezani, na sauti ya mtoto ikisema kwa adabu aliyolelewa nayo, "Asante kwa chakula, Bi Lavonia. Naona niende sasa."

Na sauti ile yenye mkwaruzo ikajibu, "Mbona haraka, mwanangu? Kaa kidogo."

Walimtafuta Ebal nzima. Kwenye mtaa wa Chestnut, juu kabisa ya zile ngazi zisizo na nyumba, walikuta glavu zake nyeupe zimekunjwa vizuri, kama mgeni anavyoziweka akishaingia ndani. Moja ilikuwa na alama ya vidole kwenye kifundo. Vonceil amerudiwa na sauti yake. Kila jioni huenda kukaa kwenye ngazi zile na keki mapajani, akingoja mtu wa ndani amwambie karibu.