Chafya ya Mtoto wa Janeffer

Chai ilipoa mkononi mwa Chepngetich kabla hajainywa. Janeffer, mke wa kaka yake, alikuwa ameimimina wakati huo huo, lakini wifi yake aliposhika tu kikombe, mvuke ukakatika.

"Imepoa aje na nimeitoa kwa moto saa hii?" Janeffer aliuliza.

Chepngetich akasema anaipenda hivyo, akainywa yote.

Alikuwa amerudi juzi kutoka Mlima Kenya. Alikwenda peke yake, na mkoba mkubwa kuliko mgongo wake, akalala siku tatu kando ya ziwa lililo juu kule ambako hata miti haioti. Watu wa kijiji chake cha Boito hawakumwelewa mtu anayeacha chai tayari kuchumwa ili akatafute baridi. Kaka yake Gibson ndiye aliyemtetea, akamnunulia hema, na kila picha iliyoingia kwenye simu aliwaonyesha majirani. Picha ya mwisho ilikuwa ya maji matupu, meusi, yametulia tuli.

Tangu arudi, nguo zake hazikauki, hata zikianikwa juu ya jiko. Chumba chake kinanuka matope na mawe. Alipopeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai, karani aliyakataa akisema yamechomwa na barafu, ilhali wenzake walichuma mistari iyo hiyo na majani yao yalikuwa mabichi kabisa. Gibson alicheka tu. Akimpenda mtu, mwanamume huyo haoni kitu.

Janeffer hakuwa na nafasi ya kuchunguza mambo hayo. Wiki hiyo alijifungua msichana, na mtoto akakataa kunyonya siku mbili nzima. Daktari hakuona ugonjwa. Mtoto alikuwa anakauka mikononi mwa mama yake, na Janeffer aliogopa mpaka akasahau kula.

Ndipo akaitwa Kogo Tapkigen, nyanya yake Gibson. Jumapili Kogo hukaa kiti cha mbele kanisani, lakini jambo hili hajawahi kuliacha: mtoto akizaliwa, huwa amerudi mmoja wa wafu wa ukoo. Majina yao hutajwa moja moja, na mtoto akipiga chafya, huyo ndiye aliyerudi. Hutajwa wafu tu.

Mchana huo ukungu ulikuwa umeshuka hadi dirishani. Gibson aliambiwa angoje nje, kwa kuwa kazi hiyo ni ya wanawake, na Chepngetich alikuwa jikoni. Kogo aliweka ugoro kidogo chini ya pua ya mtoto, akaanza kuwaita: mumewe, shangazi zake, wazee waliokufa kabla ya barabara kufika. Mtoto akatazama dari. Kogo aliwamaliza wote, akarudia tena, sauti ikamkauka.

Janeffer, akiwa amechoka, akaita tu kuelekea jikoni, "Chepngetich, tuletee maji moto."

Mtoto akapiga chafya.

Kogo akataja tena jina la mumewe, na kimya, akataja la shangazi yake, na kimya, halafu akainama, akanong'ona jina la mjukuu wake ambaye sote tungesema yuko hai, yuko jikoni, anasikika akigusa sufuria, na mtoto akapiga chafya mara mbili, akageuza kichwa, akalishika titi la mama yake akanyonya kwa njaa ya siku zote mbili.

"Kogo," Janeffer alinong'ona, "kama huyu ndiye Chepngetich, huko jikoni ni nani?"

"Nyamaza. Anasikia."

Nje Gibson alikuwa ameisikia chafya. Akauliza kwa furaha ni nani amerudi.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Alisimama pale na sufuria aliyoagizwa, na juu ya maji palikuwa na utando wa barafu. Aliiweka chini polepole. Harufu ya mawe yenye maji ikajaa chumba, na Kogo, aliyezika watoto wanne bila kukimbia, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Nipe nimshike," akamwambia Janeffer kwa upole, akimnyooshea mtoto mikono. "Hatujaonana naye tangu ziwani."

Mtoto akaachia titi, akaanza kupiga kelele.

"Chepngetich!" Gibson aliita kutoka nje. "Mshikie mtoto, Janeffer apumzike."