Kimeli wa Chini ya Altare

Maji ya kumwogesha mtoto yaligeuka kijivu. Janeffer akayamwaga, akachota mengine, nayo yakawa vilevile, yananuka simiti mbichi. Mtoto mwenyewe, mchanga wa wiki chache tu, hakulia. Alimkodolea macho kama mtu mzima aliyechoshwa na wageni.

"Alipiga chafya wapi?" mama mkwe wake, Rebeccah, aliuliza kwa sauti ya chini.

Huko kwenye mashamba ya majani chai mtoto huitiwa majina ya wazee waliokufa. Lile analolipigia chafya, mwenye jina hilo ndiye amerudi. Rebeccah ndiye aliyekuwa akingojwa aje kuita.

"Kanisani, mama. Siku ya jubilei. Katekista alikuwa anataja marehemu waliojenga kanisa. Kufika kwa Kimeli, mtoto akapiga chafya. Watu wakacheka."

"Wakacheka! Mungu wangu!" Rebeccah akaketi sakafuni. "Kimeli aliangukiwa na udongo wa mtaro wa msingi, pale altare ilipo sasa. Alikuwa bado anaita, Janeffer. Lakini simiti ilikuwa imekorogwa, na askofu alikuwa njiani kuja kubariki. Wakamwaga."

"Nani alisema wamwage?"

"Babu ya huyu mtoto. Mume wangu."

Janeffer akamfunga mtoto mgongoni, akakimbia kwa padri kuomba sakafu ivunjwe, mifupa izikwe kama ya mtu, mwanawe aachiliwe. Padri akaita wazee wa parokia. Wakatazama vigae vipya vya jubilei, wakatazamana. "Tutafanya maombi," wakasema. Haki ya Mungu, watu wengine hawajifunzi! Mara ya pili hiyo wanachagua jengo.

Walipoondoka, Janeffer akachukua sululu nyuma ya sakristia, akaingia, akapiga kigae cha mbele ya altare, akapiga tena na tena, harufu ya simiti ikimjaa kooni, mtoto akizidi kuwa mzito mgongoni, mpaka sakafu ikapasuka na kutoka chini kabisa akasikia kilio.

Kilio cha mtoto mchanga. Aliijua sauti ile, ya mwanawe. Maziwa yakamtoka yenyewe, yakalowesha blauzi.

Mkono mdogo ukamshika shingoni, na sauti nzito ya mwanamume ikamwambia sikioni, bila haraka:

"Wacha kuchimba, mama. Mimi nimekaa huko ya kutosha. Sasa ni zamu yake."