Petroli Haifukizwi Udi

Kaltuma alikuwa bingwa wa kufukiza udi. Nguo zikipata uvundo, alizifukiza. Wageni wakija, alifukiza nyumba nzima. Majirani walimtania kwamba hata paka wake ananukia. Kwa hiyo mumewe, Abdillahi, aliposema boti inanuka petroli, Kaltuma alicheka.

"Kazi ndogo hiyo! Kesho nitakuja na chetezo changu."

Abdillahi alikuwa nahodha wa boti ya starehe pale Kilifi. Ilikuwa boti ya mashine, yenye chumba kizuri cha abiria. Wiki iliyopita wageni walikuwa wameziba pua safari nzima. Tajiri wake akamwonya: wakilalamika tena, kazi hana.

Asubuhi Kaltuma akashuka gatini. Makaa ya chetezo yalikuwa mekundu. Abdillahi alikuwa ndani ya boti, akipiga deki.

"Kaltuma! Simama hapo hapo!"

Aliyepiga kelele ni Dena, fundi wa mashine za boti. Mzee huyu mpole hakuwa na kawaida ya kumfokea mtu. Kaltuma akaganda.

"Shikamoo, mzee. Nimekosa nini?"

"Marahaba, mwanangu. Rudisha moto huo juu kule, mbali. Nawe Abdillahi, toka nje! Usiguse swichi yoyote."

Wote wawili wakatii. Dena akashusha pumzi.

"Moshi hupanda juu," akaeleza. "Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka ukatuama chini ya sakafu, kwenye ngama. Huuoni. Cheche moja ikiugusa, boti hulipuka. Harufu hii si uchafu wa kufukizwa. Inakwambia petroli inavuja."

Kaltuma akamtazama mumewe. Akaketi chini akalia.

"Ningekuua kwa mkono wangu, Abdillahi!"

"Usilie, mke wangu. Hata mimi nilidhani petroli ni lazima inuke."

Dena akafunga bilula ya tangi. Wakafungua milango na madirisha, upepo ukapita mpaka harufu ikaisha. Kisha fundi akapapasa mpira unaopeleka petroli kwenye mashine. Ulikuwa na nyufa. Akaweka mpya, akaukaza kwa vibano.

"Ukijaza petroli, zima mashine," akamwambia Abdillahi. "Abiria washuke wote. Sigara marufuku. Funga milango, mvuke usiingie ndani. Ukimaliza, fungua kila kitu. Kisha inama, unuse ngama. Ukisikia harufu, usiwashe mashine."

Jumamosi Kaltuma alimletea mumewe chakula. Boti ilikuwa imeshajazwa petroli, na milango yote ilikuwa wazi. Wageni walisubiri gatini. Abdillahi alikuwa amepiga magoti, pua yake chini kabisa.

"Nahodha, tunachelewa!" mgeni mmoja akalalamika. "Unatafuta nini huko?"

"Ngoja kidogo, bwana," Abdillahi akajibu bila kuinua kichwa. "Mimi nina mke anayetaka nirudi mzima."