Kibuyu cha Viwavi

Asubuhi ile Nyamizi alikwenda shambani kama siku zote, jembe begani, akiwaza mboga ya mchana. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri Nzega nzima. Lakini alikuta mahindi yake yametobolewa majani, na katikati, pale majani machanga yanapochomoza, pamejaa uchafu kama unga wa mbao ulioloa. Viwavijeshi. Mjane yule hakuwa na chakula kingine cha mwaka zaidi ya shamba lile. Alikaa chini akalia.

Alipoinua macho, ng'ambo ya kijia, aliona mahindi ya jirani yake Lugembe yako kijani, hayana hata tundu. Jamani, wadudu gani hao wanaochagua mwenye shamba?

Tangu hapo akawa anamvizia. Alfajiri moja alimwona kwa macho yake Lugembe akipita mstari kwa mstari, anadondosha majivu katikati ya kila mmea, midomo ikimchezacheza. Nyamizi mwili ukamsisimka. Huyu ndiye anayenitupia wadudu wake, akajisemea. Jioni Lugembe alipokuja kumweleza kwamba bwana shamba amewafundisha kutia majivu na kuponda mayai ya wadudu mapema, hata kiti hakumpa. Alijua anachezewa shere.

Sasa, marehemu bibi yake alikuwa amemwachia dawa ya mambo hayo. Unakusanya viwavi kwenye kibuyu, unawapeleka kwenye njia ya zamani ya wapagazi, kule kusiko na makazi, unawamwaga na kurudi. Sharti lake, usiitikie salamu njiani. Utakayemwitikia, umemkabidhi viwavi hao. Na kwetu kumnyima mtu itikio la salamu ni tusi, ndiyo maana waliobeba kibuyu walikatiza porini wasikutane na yeyote.

Nyamizi alijaza kibuyu, lakini hakukatiza porini. Alipita ukingoni mwa shamba la Lugembe, mchana kweupe, polepole, akingoja kusalimiwa.

Hakukuwa na upepo. Mahindi yakatikisika.

"Shikamoo, mama," sauti ikanong'ona humo ndani.

Sauti ya kike. Mke wa Lugembe tu huyo. Nyamizi akaona raha, raha mbaya.

"Marahaba," akaitikia.

Kibuyu kikawa chepesi. Akakifungua. Kitupu.

Kesho yake shambani mwake hapakuwa na kiwavi hata mmoja. Akarudi nyumbani anaimba, na njiani akapita makusudi kwa Lugembe akaone balaa lilivyoingia. Mlango ulikuwa na kufuli. Majirani wakamwambia mume na mke wako msibani Igunga tangu juzi.

Wimbo ukamkatika. Hapo ndipo akakumbuka kitu ambacho ile raha ilimsahaulisha. Mke wa Lugembe ni rika lake. Hajawahi kumwamkia.

Simu ikaita. Alikuwa Julieth, binti yake wa pekee, anayeishi Ipuli, Tabora mjini.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "jana mchana nilisinzia nikakuota. Nilikuamkia, ukaniitikia, ukapita bila kunitazama. Nimekukosea nini?"

Nyamizi akachukua mfuko wake.

Alipanda basi siku hiyohiyo. Njia nzima alikuwa akimwomba Mungu, na akimwomba radhi Lugembe ambaye hakuwepo kumsikia. Julieth akampokea mzima, anacheka, akaingia jikoni kumchemshia chai. Mama akaanza kupata moyo. Akaingia chumbani kwa binti yake aweke mfuko.

Shuka lilikuwa limetobokatoboka. Juu ya mto, pale sikio linapolala, palikuwa na unga wa mbao.

Akaugusa. Umeloa.

Alikimbilia jikoni akachota majivu kwa viganja viwili. Julieth akamtazama, akauliza majivu ya nini. Nyamizi alisimama mbele ya mwanawe, majivu yanamvuja vidoleni, hajui ayatie wapi.