Mama Aliyelifuata Jiwe

Haya yalimkuta shemeji yangu, mume wa dada, na yeye si mtu wa kutia chumvi. Ukimuuliza habari za jana, anakujibu kwa neno moja.

Alifanya kazi kwenye maabara ya kupima miamba. Wachimbaji waliwaletea vipande virefu vya mwamba, vya mviringo kama mchi, vilivyochorongwa toka chini ya ardhi. Yeye alivikata kwa msumeno wa almasi na kusaga ncha mpaka zikae sawasawa. Kisha mwenzake aliviweka kwenye mashine ya kukandamiza, kuona vitahimili uzito gani kabla ya kupasuka. Mwenzake huyo walimwita Kifaru, kwa kifua chake na kwa ubishi wake.

Asubuhi hiyo walipokea masanduku kutoka kilima ambacho kingepasuliwa kupitisha barabara. Chai haijapoa, mama mmoja akaingia, miguu imejaa vumbi jekundu. Akaenda moja kwa moja kwenye sanduku, akakipapasa kipande kimoja cheusi kama anayempapasa mgonjwa.

"Mwanangu huyu," alisema. "Msimkate."

"Mama, hapa si buchani," Kifaru alicheka.

Mama hakutoka. Kifaru akamshika mkono, akamsukuma mpaka nje. Mama akaanguka kifudifudi kwenye zege, akainuka mdomo unavuja damu.

"Basi atakayoyasikia yeye," alinong'ona, "na wewe utayasikia."

Shemeji alitaka kipande kile kiachwe.

"Acha ushamba, kaka," Kifaru alimwambia. "Kata."

Shemeji akakata. Msumeno ulipozama kidogo tu, Kifaru alipiga yowe, na shemeji akauzima. Akavua buti, akavua soksi. Soksi nzima, haina tundu. Lakini kifundo cha mguu kilikuwa kimezungukwa na mkato mmoja mwembamba, ulionyooka, unaotiririsha damu.

Waliufunga kwa kitambaa. Shemeji akamwambia: "Twende hospitali. Jiwe hili tulirudishe."

"Nitalivunja mwenyewe!"

Kifaru akalibeba huku anachechemea, akaliweka katikati ya mabamba mawili ya chuma, akawasha mashine.

Mshale wa kipimo ukapanda. Jiwe kimya.

Ubavu mmoja wa Kifaru ukalia ko!

Kifaru akajishika kifua. Ukalia wa pili. Wa tatu. Shemeji akabonyeza kitufe cha kuzima. Mashine haikuzima. Akang'oa waya ukutani. Mshale ukaendelea kupanda. Mabega ya Kifaru yalikuwa yanashuka, polepole, kuelekea nyonga, kana kwamba dari imemlalia. Damu ilimtoka masikioni.

"Kaka," alinong'ona. "Mtoe."

Shemeji akakamata nyundo. Akalipiga bomba la mafuta ya mashine. Akapiga tena. Likapasuka, mafuta yakaruka hadi darini, mabamba yakaachia.

Kifaru akaanguka. Alikuwa amekufa. Yeye aliyezoea kuinama kupita mlangoni, sasa alikuwa mfupi kuliko shemeji.

Daktari aliuliza kitu gani kilimwangukia. Shemeji alilirudisha jiwe kilimani kwa mikono yake, halina hata ufa, ila ule mkato wa msumeno. Hakumkuta yule mama, wala mtu aliyemjua. Akalifukia, na kazini hakurudi tena.

Fundi alipoifungua ile mashine, alimpigia simu aje aone. Bamba la juu, chuma ambacho hata tindo haliwezi kukikwangua, lilikuwa limebonyea. Viganja viwili vidogo, vya mtoto. Vidole vimetanuliwa, vinasukuma kwenda juu.